MikroTik hEX kwa ofisi yenye VLAN nne: kupitisha inapitisha, kuzuia ni kazi yako

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama una ofisi ya watu thelathini arobaini hivi, laini moja ya faiba, printa mbili tatu, kamera kadhaa na wageni wanaoomba pasiwedi ya waifai kabla hata hawajakaa, basi MikroTik hEX, kile kiboksi cheupe cha poti tano kinachoandikwa RB750Gr3, kinakutosha kabisa kupitisha mawasiliano kati ya VLAN zako, yaani mitandao midogo iliyotengwa ila inatumia swichi na waya zile zile. Ila kama kuna mtu kakwambia ukishakifunga tu ofisi ishakuwa salama, huyo kakuongopea, na hapo ndo ntakaa muda mrefu maana ndo sehemu watu wanapigwa.

Ofisi ninayoisemea ipo Dar, wanafanya kliaringi, yaani makaratasi ya mizigo ya bandarini kutwa nzima. Mwanzo kila kitu kilikuwa kwenye mtandao mmoja, ile 192.168.1 iliyokuja na rauta ya kampuni ya intaneti, kompyuta za wahasibu, seva ya mafaili, kamera, simu za madereva na laptopu ya mteja aliyekuja kufuatilia kontena lake vyote humo humo. Mteja akibonyeza kuprinti kwenye simu yake anaiona printa ya uhasibu kama ya kwake. Bosi aliposikia hivyo ndo pesa ikatoka aisee.

Mpango ulikuwa VLAN nne: 10 ya wafanyakazi, 20 ya seva na printa, 30 ya wageni, 40 ya kamera. Anwani nikazifuatanisha na namba, VLAN 10 ni 192.168.10.0/24, VLAN 20 ni 192.168.20.0/24, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili siku fundi mwingine akija akiona anwani ya kifaa ajue kipo VLAN gani bila kunipigia simu usiku. Namba za VLAN zinaanzia 1 mpaka 4094 kwa hiyo uhuru upo, ila ile 1 iacheni jamani, swichi karibu zote zinatoka kiwandani na poti zote zimo kwenye VLAN 1 na ukiichanganya na kazi utakuja kutafuta mchawi.

Kuhusu kifaa chenyewe. Kampuni ni ya Latvia, ipo tangu 1996, na mafundi wa mitandao huku kwetu wanaijua sana kwa sababu ya bei, hEX bei yake ya orodha ilikuwa dola 59.95 na kwa hiyo hela unapata RouterOS (mfumo wake wa kuendeshea) ile ile inayokaa kwenye mashine zao kubwa za bei mbaya. Ndani kuna prosesa ya kore mbili ya 880 MHz, RAM ya 256 MB, na poti tano zote za gigabiti. Kinachonifurahisha zaidi ni umeme, kinakubali kuanzia volti 8 mpaka 30, kwa hiyo kile kiyupiesi kidogo cha volti 12 ambacho watu wanafungia rauta ya faiba kinakibeba na hiki, umeme ukikatika mtandao wa ndani unaendelea na walio kwenye laptopu wala hawashtuki.

Kisichonifurahisha ni hifadhi, MB 16 tu. Ukishaweka RouterOS 7 na kipakeji kimoja cha ziada nafasi inabana, na apdeti zinaanza kusumbua kwa kukosa pa kukaa. Dawa ni kutoweka usichokihitaji. Hii siyo rauta ya kuifanyia majaribio ya kila kitu unachokiona kwenye menyu.

Poti tano bila shaka haziwezi kuhudumia ofisi nzima, kwa hiyo unahitaji swichi inayoelewa VLAN. Pale tulitumia zile swichi za TP-Link za bei ya chini, TL-SG108E za poti nane, moja kila chumba, zinafanya kazi yake, ila kuna kitu uzoee mapema: kwenye hizi kumuweka mtu kwenye VLAN kunafanyika kurasa mbili tofauti. Ukurasa mmoja unasema poti ni mwanachama wa VLAN gani, na mwingine wa PVID unasema pakiti, yaani kipande cha data, inayoingia bila tagi (alama ya VLAN) ihesabiwe ya VLAN gani. Ukijaza wa kwanza ukasahau wa pili, kompyuta inatuma kwenye VLAN moja na kupokea kutoka nyingine, DHCP, ile ya kugawa anwani, haiji, na mtumiaji anakwambia intaneti yako mbovu. Waya mmoja kutoka swichi kwenda kwenye hEX ndo tranki, unabeba VLAN zote nne, kila pakiti ikiwa na tagi yake ya baiti nne inayosema mimi ni wa VLAN fulani.

Sasa usanidi wa kwenye hEX. Sitawabandikia amri zote hapa, ntasema tu sehemu ambazo zinaamua kama itakubali au itagoma. Unatengeneza briji moja (swichi ya ndani ya rauta inayounganisha poti), moja tu, mambo ya briji kwa kila VLAN yalikuwa ya zamani na yanaleta vurugu, kisha unaingiza poti zako humo, kisha unaenda Bridge, VLANs unaandika kila VLAN inapita poti zipi ikiwa na tagi na zipi bila tagi. Na hapa ndipo wengi wanakwama siku nzima: briji yenyewe lazima nayo iwekwe kwenye orodha ya zenye tagi. Inaonekana ni kichekesho, unaiweka bridge1 ndani ya orodha ya bridge1, lakini ndo njia ya prosesa kuiona hiyo VLAN, bila hivyo swichi inapeleka pakiti vizuri tu kutoka poti hadi poti lakini getiwei 192.168.10.1, yaani anwani ya rauta ambayo vifaa vya VLAN 10 vinatokea, inakaa kimya ukiipingi, na huwezi kupitisha kitu kutoka VLAN moja kwenda nyingine kama getiwei haisikii.

Baada ya hapo unatengeneza intafesi ya VLAN kwa kila namba, zote juu ya briji na siyo juu ya poti, unaipa kila moja anwani yake inayoishia na .1, unawasha DHCP kwa kila moja, na mwisho kabisa, narudia mwisho kabisa, ndo unaweka tiki kwenye VLAN Filtering. Ukiiweka mwanzoni unajifungia nje mwenyewe. Na hata ukiiweka mwisho, poti moja iache nje ya briji kabisa, mi huwa naiacha ether5, ina anwani yake pembeni, ni mlango wa dharura, siku mambo yakiharibika unachomeka laptopu hapo unaingia. Kuna na Safe Mode kwenye WinBox (programu ya kusanidia rauta ukiwa kwenye kompyuta), ukiiwasha halafu ukakatika, rauta inarudisha yote uliyobadilisha tangu uiwashe. Sijui kwa nini watu hawaitumii, kitufe kipo pale juu kabisa kushoto.

Jambo moja la toleo. Kwenye RouterOS 6 ukiwasha VLAN Filtering kwenye hEX kila pakiti inaenda kupita kwenye prosesa, hata ile ya kompyuta mbili zilizo VLAN moja. Kuanzia RouterOS 7 chipu ya ndani inaifanya hiyo kazi yenyewe. Utajua kwa kuangalia Bridge, Ports, kila poti inatakiwa iwe na herufi H pembeni. Kama hakuna H basi prosesa inasukuma mkokoteni wenyewe, na ukute boksi la dukani limekaa stoo muda mrefu limekuja na toleo la 6, kwa hiyo kabla ya kitu chochote apdeti kwanza, kisha nenda System, RouterBOARD, apdeti na firimwea ya ubao wenyewe maana hiyo haijiapdeti pamoja na mfumo. Apdeti siyo mapambo. Mwaka 2018 kulikuwa na tundu la WinBox, CVE-2018-14847, mtu wa nje aliweza kusoma hadi faili la majina na pasiwedi bila kuingia, walishaliziba kwenye 6.42.1 mwezi Aprili mwaka huo huo, lakini rauta ambazo hakuna aliyezigusa ziliendelea kuliwa muda mrefu baadaye.

Haya, tufike kwenye nilichosema ntakaa. Mtu anatengeneza VLAN nne, kila moja na anwani yake, anajipongeza kwamba kawatenga wageni na wahasibu. Hajamtenga mtu. Rauta ikishakuwa na anwani kwenye VLAN zote nne inazijua njia zote nne, na kazi ya rauta ni kupitisha, kwa hiyo inapitisha. Hakuna kitufe cha kuwasha hapo. Kwenye swichi za Cisco za leya ya tatu, zile zinazoweza kupitisha kati ya VLAN zenyewe, angalau kuna amri ya ip routing unaiandika kwa mkono wako, ila kwenye RouterOS iko wazi tangu dakika ya kwanza. Mgeni wa VLAN 30 akiandika anwani ya seva ya VLAN 20 anaifikia kama kawaida, kitu pekee kilichopungua ni kwamba haioni ikijitangaza. Kwa hiyo kazi yote ya kuunganisha VLAN kwenye hii rauta kwa kweli ni kazi ya kuzuia, na kuzuia kunakaa kwenye faiawoli, sehemu ya forward, inayosimamia pakiti zinazopita ndani ya rauta kwenda kwingine.

Mpangilio ninaouamini ni huu. Sheria ya kwanza ruhusu mazungumzo ambayo yameshaanza, established na related, ya pili tupa zilizo invalid, yaani pakiti zisizo za mazungumzo yoyote yanayojulikana, kisha ruhusu VLAN zote kutoka kwenda intaneti, kisha VLAN 10 kwenda VLAN 20, kisha kompyuta ya mlinzi na ya bosi kwenda VLAN 40 kuangalia kamera, kisha ya mwisho tupa kila kitu kilichobaki. Hiyo ya kwanza watu wanaiona ndogo lakini ndo inayofanya mhasibu aongee na seva na seva imjibu bila seva kuwa na ruhusa ya kumuanza mhasibu. Ukiiondoa, utajikuta unaandika ruhusa za kwenda na za kurudi kwa kila kitu mpaka orodha inakuwa ndefu kama msururu wa mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Ukimaliza forward usiondoke. Jaribu hivi: kaa kwenye waifai ya wageni fungua 192.168.10.1, getiwei ya wafanyakazi. Inafunguka! Na forward umefunga. Sababu ni kwamba hiyo anwani ni ya rauta yenyewe, pakiti inayokwenda kwa rauta haipiti forward, inapita input, na anwani zote nne za getiwei ni nyuso za kifaa kimoja. Kwa hiyo mgeni anauona ukurasa wa kuingilia na anaweza kukaa anajaribu pasiwedi mpaka soda iishe. Kwenye input waachie wageni DNS ya kutafuta anwani za tovuti, poti 53, na DHCP, poti 67, basi, vingine tupa. Nshaingia ofisi kadhaa zenye forward nzuri kabisa na input iko wazi mlango na dirisha.

Printa ndo zitakuletea simu nyingi. Siku moja baada ya kuzihamishia VLAN 20 watu wa VLAN 10 wanalalamika printa imepotea, na haijapotea, ila simu na kompyuta siku hizi zinaitafuta printa kwa kutangaza kwenye 224.0.0.251 poti 5353, na hilo tangazo halivuki rauta, limetengenezwa liishie kwenye mtandao wake. Kwa kompyuta dawa ni rahisi, ipe printa anwani ya kudumu halafu kila kompyuta iiongeze kwa anwani, poti 9100, haihitaji tangazo la mtu. Kwa simu ni kazi zaidi, ila kuanzia RouterOS 7.16 wameweka kirudishaji cha mDNS, yaani cha matangazo hayo, kwenye mipangilio ya DNS, unachagua intafesi ambazo matangazo yavuke na yanavuka. Wageni msiwaweke humo, si ndo tulikuwa tunawakimbia.

Na ukiongeza kifaa ukaona kinapatikana kutoka VLAN yake tu na siyo kutoka nyingine, usikimbilie faiawoli ya rauta, kaangalie kama hicho kifaa kina getiwei. Kamera na printa nyingi zimewekewa anwani kwa mkono na sehemu ya getiwei ikaachwa tupu kwa sababu zamani haikuhitajika, pakiti inafika, jibu halijui pa kurudia. Halafu Windows nayo kwa kawaida inakataa pingi inayotoka mtandao mwingine, kwa hiyo pingi kufeli siyo ushahidi kwamba rauta haipitishi. Jaribu na huduma halisi, fungua folda au printi ukurasa.

Spidi sasa. Wenye kuuza wataandika gigabiti na ni kweli poti ni za gigabiti, ila kila pakiti inayovuka VLAN inapanda kwa prosesa na kushuka, na kwa mpango wetu inaingia na kutoka kwa waya ule ule mmoja wa tranki. Kwa kazi za ofisi, mafaili ya Excel, skani za hati za forodha, kuprinti, hautahisi kitu. Utahisi siku mtu anahamisha mabakapu makubwa kutoka VLAN 10 kwenda seva ya VLAN 20, fungua System, Resources uone CPU inavyopanda. Kwa hiyo mpango wa VLAN uwe na akili, vinavyoongea sana viweke pamoja. Kamera zikiwa VLAN 40 na mashine ya kurekodi nayo iwe VLAN 40, kamera moja ya 1080p inaweza kula Mbps nne hivi usiku na mchana, ukiwa na kumi na sita ni zaidi ya 60, yote hayo yaishie kwenye swichi, kwa rauta ipande picha tu pale mlinzi anapoangalia. Fundi mmoja aliitenga mashine ya kurekodi kwenye VLAN ya seva kwa sababu eti nayo ni seva. Jina halina maana hapa, angalia nani anaongea na nani.

FastTrack inasaidia sana CPU, na mipangilio ya kiwandani inakuja nayo, mazungumzo yaliyokwisha kubaliwa yanapita njia ya mkato bila kupimwa tena. Ila njia ya mkato hiyo inaruka na Queues, sehemu ya kuwekea vikomo vya spidi. Yaani unawawekea wageni kikomo cha Mbps 5, unapima, mgeni anavuta 40, unadhani kifaa kibovu. Kifaa kizima, umempa njia ya mkato. Kwenye ile sheria ya FastTrack toa VLAN 30, waache wapite njia ndefu, na kikomo kinafanya kazi.

Kuhusu kununua, Kariakoo zimejaa, bei inategemea siku na uso wako, chukua yenye boksi na adapta yake na ukifika iwashe kwa kubonyeza kitufe cha reset kuifuta kabisa hata kama wamekuapia ni mpya. Mpya za karibuni zina pasiwedi kwenye stika yake, za zamani ni admin na pasiwedi tupu, kwa hiyo hiyo iwe ya kwanza kubadilisha. Ukishamaliza kila kitu fanya bakapu ya aina mbili, ile ya kawaida na ile ya export inayotoka kama maandishi, hiyo ya pili ndo utaisoma na kuihamishia kifaa kingine siku radi ikipita, maana ya kwanza imekusudiwa kurudishwa kwenye kifaa kile kile.

Nani asinunue? Mwenye seva ya video au watu wanaohariri picha nzito kupitia VLAN, huyo aende RB5009, rauta yao kubwa zaidi ya hii, kore nne za 1.4 GHz, RAM ya GB 1, na poti ya SFP+ ya gigabiti kumi, usanidi ni huu huu unaunakili tu. Kuna wanaosema bora swichi ya leya ya tatu, mfano CRS326, na ni kweli chipu yake inaweza kupitisha kati ya VLAN kwa spidi ya waya bila kumsumbua prosesa, ila jueni kwamba trafiki inayopita kwenye chipu haipiti kwenye faiawoli niliyoielezea muda wote huu, lazima uandike upya vizuizi vyako kama sheria za swichi, ambazo hazikumbuki nani alianza mazungumzo. Kwa ofisi ndogo inayotaka hasa kuwatenga watu, hiyo spidi unailipia kwa kitu ulichokuwa unakitafuta.

Na ukifika dukani ukakuta ile hEX mpya, E50UG, acha hii ya RB750Gr3 uchukue hiyo, RAM imekuwa 512 MB na hifadhi 128 MB, yale mambo ya apdeti kukosa pa kukaa hayapo tena. Imekosa kijitundu cha microSD, ambacho kwa kazi hii hukihitaji.